Mgeni Barazani na Mgeni Ndani: Tahakiki ya Usanifu wa Moduli katika Mfumo wa OpenMRS

Ikisiri

Tahakiki hii inachunguza usanifu wa moduli katika OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa lugha ya Java na unaoendeshwa kwenye seva ya wavuti. Mfumo huu husifiwa kwa wepesi wake wa kupokea moduli mpya. Tunadai kwamba wepesi huo si kipimo cha kutosha cha usanifu wa namna hii, na tunapendekeza kipimo kingine chenye maswali mawili: moduli iliyokwisha kuingia hupatwa na nini kiini kinapobadilika, na hupatwa na nini kiini kinapotenda jambo linaloigusa data ya moduli bila kiini kujua kwamba data hiyo ipo. Swali la kwanza tunalijadili kupitia mabadiliko kutoka Hibernate 3 kwenda Hibernate 4. La pili kupitia tendo la kuunganisha kumbukumbu mbili za mgonjwa mmoja.

1. Utangulizi

OpenMRS ilianza mwaka 2004, pale Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis, Marekani, walipokabiliwa na mahitaji ya mpango wa AMPATH mjini Eldoret, Kenya. Idadi ya wagonjwa wa VVU waliokuwa wakitibiwa chini ya mpango huo ilikuwa ikipanda kwa kasi ambayo hifadhidata ya awali haikuweza kuihimili. Mwaka 2006 mfumo mpya ulianza kutumika Eldoret, na mwaka huohuo ukaanza kutumika nchini Rwanda. Leo mifumo kadhaa imejengwa juu yake: KenyaEMR nchini Kenya, UgandaEMR nchini Uganda, na Bahmni iliyoanzia India.

Orodha hiyo fupi inatosha kueleza kwa nini wasanifu walihitaji moduli. Hakuna kundi la wasanidi, hata liwe kubwa kiasi gani, ambalo lingeweza kukaa mahali pamoja na kubashiri fomu ya kliniki ya kifua kikuu ya mji mmoja, utaratibu wa dawa wa hospitali ya nchi nyingine, na ripoti ambayo wizara ya nchi ya tatu itaidai mwakani. Ilibidi kiini kiwe kidogo na mlango uwe wazi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na tahakiki hii haiupingi. Tunachohakiki ni namna mlango wenyewe ulivyojengwa.

Neno moja kuhusu istilahi. Katika Kiswahili cha wavuti limeenea jina la programu jalizi kwa kitu kinachochomekwa katika mfumo ili kuuongezea uwezo. OpenMRS wenyewe hukiita kitu hicho moduli, nasi tutalifuata jina hilo, ijapokuwa jalizi ni neno la kweli zaidi: linadokeza kwamba kuna pengo, na kwamba pengo hilo lilikuwapo kabla ya kijazio. Usanifu mzuri wa jalizi, kwa mtazamo wetu, ni ule unaosanifu mapengo kabla ya kusanifu vijazio. Wazo hili si geni. David Parnas alilisema kwa namna yake mwaka 1972, alipotaka kila moduli ifiche uamuzi mmoja ambao huenda ukabadilika kesho. Swali la kumuuliza msanifu, basi, ni kiini kimeficha nini.

2. Namna moduli inavyoingia

Moduli ya OpenMRS ni faili moja yenye kiambishi omod. Ndani yake mna klasi zilizokompailiwa, maktaba ambazo moduli inazihitaji, na tangazo liitwalo config.xml. Tangazo hilo hutaja jina la moduli, toleo la kiini linalohitajika, moduli nyingine ambazo haiwezi kuishi bila hizo, na klasi ya kuamsha moduli inapoanza. Faili nyingine hueleza majedwali ambayo moduli itayaongeza katika hifadhidata, kwa kutumia Liquibase.

Moduli inapoanzishwa, mfumo huipa kipakizi chake cha klasi, kisha muktadha mzima wa Spring huhuishwa ili vitu vya moduli vitambulike pamoja na vya kiini. Huhuishwa wote, si sehemu ya moduli peke yake. Yeyote aliyewahi kuanzisha moduli kwenye seva yenye kumbukumbu finyu, huku foleni ya wagonjwa ikimtazama, anajua maana ya neno wote katika sentensi iliyotangulia. Lakini hilo ni suala la subira tu, na hatutalirudia.

Jambo zito ni kile ambacho moduli hupewa ikishaingia. Hupewa huduma za kiini kupitia violesura vilivyotangazwa, kama PatientService kwa ajili ya wagonjwa na EncounterService kwa ajili ya mahudhurio. Hupewa pia uwezo wa kukatiza wito wa metodi yoyote ya huduma hizo: inatosha kutaja katika config.xml jina la huduma na jina la klasi itakayokatiza. Juu ya hayo hupewa kiwanda cha sesheni za Hibernate kilekile ambacho kiini hukitumia, na kwa njia hiyo hifadhidata nzima.

Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja mgeni hupokelewa barazani. Baraza ni sehemu ya nyumba, imejengwa kwa mawe yaleyale, na mazungumzo mazito hufanyika hapo; lakini aliyekaa barazani haoni vyumba vya ndani. Violesura vya huduma ni baraza ya OpenMRS. Kiwanda cha sesheni ni chumba cha ndani. Usanifu huu ulijenga baraza nzuri, kisha ukawapa wageni wote ufunguo wa ndani, bila kusema kama walikuwa wameruhusiwa kuutumia au walikuwa wameaminiwa tu kwamba hawataingia.

3. Kiini kinapohama

Mtu atasema: kama mwandishi wa moduli amepewa baraza, na akaamua kuingia ndani, kosa ni lake. Mwandishi wa tahakiki hii ni mmoja wa wenye kosa hilo. Niliwahi kuandika moduli ndogo ya orodha ya miadi kwa ajili ya kliniki moja ya wagonjwa wa kudumu. Orodha ya siku ilihitaji kuunganisha majedwali matatu, na kwa kupitia huduma za kiini ilichukua muda mrefu kufunguka, kwa kuwa kila mgonjwa alipakiwa mzimamzima. Nilichukua sesheni ya Hibernate, nikaandika ulizo moja, na orodha ikafunguka papo hapo. Wauguzi walifurahi. Mimi pia nilifurahi, nikadhani nimeuelewa mfumo.

Kisha kiini kikahama kutoka Hibernate 3 kwenda Hibernate 4. Kilichotokea kinastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndani yake mna somo ambalo vitabu vya usanifu hulipita juujuu. Katika Hibernate 3, metodi getCurrentSession ya kiwanda cha sesheni ilirudisha kitu cha aina ya Session kilichokuwa katika kifurushi kilichoitwa classic. Katika Hibernate 4 kifurushi hicho kiliondolewa, na metodi ileile ikawa inarudisha Session ya kifurushi kikuu. Kwa anayesoma msimbo hakuna kilichobadilika: jina la metodi ni lilelile, na mara nyingi hata herufi moja haihitaji kusahihishwa. Kwa mashine ya Java, hata hivyo, metodi haitambuliwi kwa jina lake pekee. Hutambuliwa kwa jina, aina za hoja zake, na aina ya kile inachorudisha. Moduli iliyokompailiwa zamani ilikuwa imebeba anwani ya metodi ambayo haipo tena.

Na mashine haigundui upungufu huo moduli inapoanza. Klasi ya kiwanda cha sesheni bado ipo, kwa hiyo Spring huiunganisha na moduli bila malalamiko. Anwani hutafutwa pale tu wito wenyewe unapofanywa kwa mara ya kwanza. Hivyo moduli ya miadi ilianza vizuri, ikaonekana katika ukurasa wa msimamizi ikiwa na alama kwamba iko hai, na ikaanguka muuguzi wa kwanza alipofungua orodha asubuhi. Kliniki ilirudi kwenye daftari mpaka nilipokompaili upya na kutuma faili mpya. Moduli yangu ilikuwa na mwandishi aliye hai na anayepokea simu. Moduli iliyoandikwa na mfanyakazi wa mradi uliokwisha haina bahati hiyo, na kituo kinachoitumia kina njia mbili tu, kuiacha moduli au kuacha kuhuisha kiini. Vituo vinavyochagua njia ya pili havifanyi hivyo kwa uzembe.

Wasanidi wa kiini waliliona tatizo. Waliweka katika kiini klasi mpya, DbSessionFactory na DbSession, zinazosimama kati ya moduli na Hibernate, na kuwataka waandishi wa moduli wazitumie hizo badala ya kiwanda cha Hibernate chenyewe. Ni suluhisho zuri, na kihistoria ni kukiri. Kwa kuweka ukuta baada ya wageni kuingia, kiini kilikiri kwamba chumba cha ndani kilikuwa kimekwisha kuwa sehemu ya mkataba, ingawa hakuna aliyewahi kuuandika mkataba huo. Chochote ambacho moduli inaweza kukifikia, baada ya muda fulani moduli fulani itakuwa inakitegemea. Msanifu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakukusudia.

Inafaa hapa kulinganisha na Jenkins, mfumo mwingine wa Java wa wavuti unaoishi kwa programu jalizi, ulioanzishwa na Kohsuke Kawaguchi kwa jina la Hudson na kubadilishwa jina mwaka 2011. Jenkins nao haukuziwekea jalizi zake kuta ngumu. Lakini ulikuza nidhamu moja ambayo OpenMRS iliipata kwa kuchelewa: uwezo unapohamishwa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye jalizi, kiini hutambua jalizi za zamani zilizojengwa wakati uwezo huo ulipokuwa ungali ndani, na kuzisakinishia jalizi mpya bila msimamizi kuombwa. Yaani kiini kinakumbuka kile ambacho wageni wake walikuwa wamekizoea. Hata hivyo kumbukumbu hiyo ina mipaka. Mwaka 2018 Jenkins ilipoanza kukubali tu aina za vitu zilizoorodheshwa wakati wa kusoma data iliyohifadhiwa, kwa sababu za kiusalama, jalizi nyingi zilivunjika, na wasanidi walilazimika kuzirekebisha moja baada ya nyingine.

4. Kumbukumbu mbili za mgonjwa mmoja

Mfano uliotangulia una faraja moja: ulipiga kelele. Orodha ilipoanguka kila mtu alijua. Mfano unaofuata hauna kelele, na kwa sababu hiyo tunauona kuwa mzito zaidi.

Katika kituo chochote cha afya chenye wagonjwa wengi, mtu mmoja husajiliwa mara mbili. Kadi imepotea, au jina limeandikwa Mwanaisha siku moja na Mwana Isha siku nyingine, au mgonjwa ametaja jina la baba mara ya kwanza na la babu mara ya pili. Karani anapogundua, huziunganisha kumbukumbu hizo mbili. Kiini cha OpenMRS kina metodi kwa kazi hiyo katika huduma ya wagonjwa. Huipokea kumbukumbu inayobaki na ile inayoondolewa, huhamisha kutoka ya pili kwenda ya kwanza mahudhurio, vipimo na majibu yaliyorekodiwa, programu za matibabu, mahusiano ya kifamilia, majina na nambari za utambulisho, kisha huibatilisha kumbukumbu ya pili na kuhifadhi maelezo ya muunganisho huo.

Kumbukumbu ya pili haifutwi, hubatilishwa tu. Ni uamuzi mzuri wa kitabibu, kwa kuwa historia ya mgonjwa haipaswi kupotea. Lakini itazame kwa macho ya moduli. Moduli ya miadi ina jedwali lake, na kila mstari una nambari ya mgonjwa inayoelekeza kwenye jedwali la wagonjwa la kiini. Kiini hakilijui jedwali hilo. Baada ya muunganisho, miadi iliyoandikwa chini ya kumbukumbu ya pili inabaki ikielekeza huko. Laiti mgonjwa wa pili angefutwa kabisa, hifadhidata yenyewe ingekataa, kwa sababu ufunguo unaoelekeza kwake ungebaki unaning'inia. Kwa kuwa amebatilishwa tu, mstari wake bado upo, ufunguo umeridhika, na hifadhidata haina la kusema. Muuguzi anayefungua kumbukumbu iliyobaki haoni miadi, na hakuna ujumbe wa kosa unaomweleza kwamba kuna kitu kinakosekana. Badala ya miadi weka moduli inayohifadhi onyo la mzio wa dawa, na msomaji ataona kwamba jambo hili halihusu waandishi wa programu peke yao.

Je, usanifu haukutoa njia? Ulitoa. Moduli inaweza kukatiza wito wa kuunganisha, na kuhamisha mistari yake yenyewe. Huo ndio utetezi wa kawaida wa uwezo wa kukatiza: kila metodi ya kila huduma imekuwa pengo la upanuzi, na msanifu hakuhitaji kubashiri lolote. Tunaona kwamba utetezi huu unageuza udhaifu kuwa sifa. Tangazo katika config.xml linataja huduma na klasi, basi. Halina mahali pa kusema moduli gani itangulie pale mbili zinapokatiza wito mmoja. Halisemi kama kosa katika moduli linapaswa kubatilisha muunganisho wote au kuuacha upite. Wala halimkumbushi mwandishi kwamba kuna kitu kiitwacho kuunganisha. Mwandishi wa moduli ya miadi lazima afikirie mwenyewe, akiwa mezani, kwamba siku moja karani ataunganisha kumbukumbu mbili. Mimi sikufikiria. Nilipitia hati za kiini kuhusu kuongeza jedwali na zilinieleza kila kitu kuhusu kuongeza jedwali.

Pengo la kweli lilikuja kutangazwa, na mahali lilipotangazwa panafundisha. Ndani ya moduli iitwayo emrapi kuna kiolesura kiitwacho PatientMergeAction chenye metodi mbili, moja ya kabla ya muunganisho na nyingine ya baada. Moduli inayokitekeleza huitwa wakati unapofika. Kwa vigezo vya tahakiki hii, kiolesura hicho kidogo ni bora kuliko uwezo wote wa kukatiza: kina jina linaloonekana, kinaeleza wakati, na mwandishi mpya anayepitia orodha ya violesura atakutana nacho na kujiuliza kama kinamhusu. Kasoro ni mahali kilipo. Kimewekwa katika moduli, na wanaokiita ni wale wanaopita katika huduma ya moduli hiyo. Anayeunganisha kumbukumbu kwa kuita metodi ya kiini moja kwa moja, hakiamshi. Nyumba ikawa na milango miwili ya chumba kimoja, na mlinzi amewekwa kwenye mmoja.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunalipa uzito tendo moja. Ni kwa sababu si moja. Kubatilisha hudhurio, kumtangaza mgonjwa kuwa amefariki, kumhamishia kituo kingine: yote ni matendo ya kiini ambayo maana yake huenea hadi kwenye majedwali ambayo kiini hakiyajui. Kuunganisha ni mfano ulio dhahiri kuliko mingine, na ndiyo maana tunaupendekeza kama jaribio.

5. Njia ya kamusi

Kuna njia nyingine ya kupanua OpenMRS ambayo kwa kawaida haijadiliwi pamoja na moduli, nayo ni kamusi ya dhana. Swali lolote la kitabibu, kama uzito, shinikizo la damu au matokeo ya kipimo cha makohozi, ni mstari katika jedwali la dhana. Jibu lake kwa mgonjwa fulani siku fulani ni mstari katika jedwali la majibu. Kliniki inayotaka kuuliza swali jipya haiongezi jedwali wala haikompaili kitu, inaongeza dhana.

Tukiipima njia hii kwa vipimo vyetu viwili, inapita vyote. Hibernate ikibadilika, dhana hazina habari. Kumbukumbu mbili zikiunganishwa, majibu yote huhama, kwa sababu ni mali ya kiini na kiini kinajua yalipo. Kliniki imepata upanuzi wake bila kuwa na mgeni yeyote ndani ya nyumba. Moduli ya HTML Form Entry, ambayo kwa maoni yetu ni miongoni mwa moduli zilizoufaa mfumo huu kuliko nyingi, ilielewa jambo hili: inamwezesha mtu asiyejua Java kuandika fomu, na kinachojazwa katika fomu kinahifadhiwa kama mahudhurio na majibu ya kawaida. Ni moduli iliyopunguza haja ya moduli nyingine.

Gharama zipo na hatuzifichi. Ripoti inayohitaji safu kumi za majibu hulazimika kulirudia jedwali moja mara kumi, na anayeiandika huilaani siku nzima. Kanuni kama vile tarehe ya pili isitangulie ya kwanza hazina pa kuandikwa katika jedwali lenyewe. Tena si kila kitu ni jibu la swali kuhusu mgonjwa. Akiba ya dawa ghalani, bili, na foleni ya chumba cha kusubiria havikai vizuri katika kamusi ya dhana, na anayevilazimisha huko huishia na kitu kisichosomeka. Mpaka tunaoupendekeza ni huu: ukweli wowote wa kitabibu kuhusu mgonjwa ukae katika majedwali ya kiini, na moduli imiliki majedwali yake kwa mambo mengine tu. Onyo la mzio halina haki ya kuwa katika jedwali la moduli. Miadi, kusema kweli, iko mpakani.

6. Pingamizi mbili na suala lililobaki

Pingamizi la kwanza ni la kihistoria. Mradi uliotegemea watu wa kujitolea na fedha za wafadhili usingepata wachangiaji kama ungewadai nidhamu tangu siku ya kwanza. Uwazi wa kupindukia ndio uliouzaa. Tunalikubali kwa sehemu kubwa. Huduma za wavuti za REST zenyewe zilianza kama moduli, na leo ndizo msingi wa skrini mpya za mfumo. Lakini hoja hii inatetea mlango kuwa wazi. Haitetei ukimya kuhusu kuunganisha kumbukumbu. Kutangaza kiolesura chenye metodi mbili katika kiini kusingemfukuza mchangiaji yeyote.

Pingamizi la pili ni la kiufundi: ndani ya mashine moja ya Java hakuna kuta za kweli, hivyo ni bure kuzidai. Nalo lina ukweli. Kipakizi cha klasi hutenganisha majina na si mamlaka. Kifaa pekee cha Java kilichokusudiwa kuipunguzia nguvu sehemu ya msimbo ndani ya mashine moja, yaani SecurityManager, kilitangazwa kuwa cha kuondolewa katika Java 17 mwaka 2021 na kuzimwa kabisa katika Java 24 mwaka 2025. Wanaopendekeza OSGi wana hoja nzuri zaidi. Katika OSGi kila kifurushi huagizwa pamoja na masafa ya matoleo yake, na moduli iliyoagiza Hibernate 3 ingekataliwa mlangoni badala ya kuanguka mbele ya muuguzi. Ingekuwa faida kubwa kwa mfano wetu wa kwanza. Kwa mfano wa pili isingesaidia hata kidogo, kwa kuwa hakuna toleo lililobadilika wala klasi iliyokosekana. Kilichokosekana ni mazungumzo. Ni ajabu kiasi kwamba mijadala ya usanifu wa jalizi katika Java hutumia nguvu nyingi sana kwenye vipakizi vya klasi, ambavyo hutibu tatizo linalojitangaza, na kidogo sana kwenye maana ya data, ambayo tatizo lake hukaa kimya.

Toleo la tatu la skrini za OpenMRS limehamishia sehemu kubwa ya upanuzi kwenye kivinjari. Moduli za mbele huandikwa kwa TypeScript, hupakiwa kila moja kwa wakati wake, na huzungumza na seva kwa REST au kwa kiwango cha FHIR. Ukuta uliokosekana ndani ya Java sasa ni mtandao wenyewe, na moduli ya mbele haina njia ya kuishika sesheni ya Hibernate hata ikitaka. Kwa jaribio la kwanza hili ni suluhisho karibu kamili. Kwa jaribio la pili linahamisha swali tu, kwa kuwa majedwali ya moduli bado yako nyuma, kwenye seva. Kiwango cha FHIR kina sehemu katika kumbukumbu ya mgonjwa inayoweza kusema kwamba kumbukumbu hii nafasi yake imechukuliwa na ile. Hapo kuna msamiati wa kutosha kwa kiini kuutangazia ulimwengu muunganisho, na kwa moduli, iwe ya mbele au ya nyuma, kuusikia.

Hadi hapo, tunapendekeza kila moduli inayohifadhi nambari ya mgonjwa idaiwe jaribio moja kabla ya kukubaliwa katika mfumo wa taifa au wa hospitali: wasajiliwe wagonjwa wawili, moduli iandike data kwa kila mmoja, kumbukumbu ziunganishwe kwa metodi ya kiini, kisha data yote isomwe kupitia kumbukumbu iliyobaki. Jaribio hilo halizidi mistari arobaini ya msimbo. Nililiandika kwanza kwa ajili ya moduli yangu ya miadi, ambayo ilikuwa imetumika kliniki kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ilirudisha miadi ya kumbukumbu moja, na ya nyingine haikuonekana.